Masaa Ishirini Kwenye Uzi Mmoja

3 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, tafuta pa kukaa, maana mdogo wako ameipima dunia. Yote. Nimeizungushia futi pale tumboni kama ninavyompima mteja mnene, na imetoka mita moja kamili. Ingekuwa inataka sketi, ningeikatia leo na keshokutwa ingekuja kujaribu. Sijui hao wasomi walikuwa wanafanya nini miaka yote na darubini zao.

Natumai wewe na tumbo lako hamjambo, na shemeji bado analiendesha lile lori lake bila kusinzia kwenye usukani. Huku wazima. Mama mzima, ni goti lake moja tu linalolalamika asubuhi. Fundi naye mzima, anakusalimu, na anasema nimeshakuwa fundi bora kuliko yeye. Hajasema kwa mdomo, lakini ukimtazama usoni unaona anataka kusema.

Sasa nikupe mkasa. Barua yako nilimsomea Mama mara tatu. Pale unaposema unataka awe pembeni yako siku ya kujifungua, nilimsomea mara nne. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Kisha akauliza, "Ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia mbali sana.

"Sana ndiyo nini? Kwa goti hili hata sokoni ni mbali sana. Nimekuuliza kiasi gani."

Akasema hapandi chombo asichojua kinampeleka umbali gani, na mazungumzo yakafungwa kama duka.

Unanijua. Nilikwenda shule yangu ya zamani kwa mwalimu wa jiografia, yule aliyetabiri kwamba sitafika popote, siku nilipoacha shule darasa la sita. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba uniazime dunia, nitairudisha kesho." Alicheka mpaka akasahau kukataa. Nikatembea barabarani nimelikumbatia lile tufe lake, watu wananipisha.

Tukaliweka kwenye meza ya kukatia, mimi, Fundi na Mama. Nikachoma pini kwenye mji wetu (mwalimu asijue) na nyingine kwenye mji wenu, nikavuta uzi kati yake. Dada, hapo ndipo nilipopata kizunguzungu. Nilidhani uzi utakatiza baharini, kama njia inavyoonekana kwenye ramani ya ukutani. Ukiukaza, unakataa. Unateleza wenyewe kwenda juu, juu kabisa, kule palipopakwa rangi nyeupe, halafu ndiyo unashuka kwenu. Nikaurudisha kwa kidole. Ukateleza tena.

Fundi akasema, "Uache. Huo umekazika, hauna pa kupinda. Njia fupi ndiyo hiyo."

Tukainama wote watatu kuutazama. Yaani kutoka huku, ambako mshumaa unalainika ndani ya kabati, njia fupi ya kuja kwako inapita juu ya barafu.

Sentimita thelathini na moja. Mwalimu aliniambia dunia ni kilomita elfu arobaini kuizunguka, kwa hiyo kila sentimita ni kilomita mia nne. Piga hesabu mwenyewe: kilomita elfu kumi na mbili na mia nne. Mama akauchukua ule uzi, akaulaza kwenye mkono wake, kutoka katikati ya kiganja. Uliishia kwenye kiwiko. Akaweka kidole pale kwenye kiwiko akasema polepole, "Kumbe mwanangu yuko hapa."

Amekubali. Tuma tiketi.

Mdogo wako,
Kifungo, Mpima Dunia


22 Mei

Kifungo, mdogo wangu msumbufu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, si kwa sababu ya sifa zako, ni kwa sababu siku hizi kusimama ni kazi. Niliwasomea wenzangu hapa kwenye chumba cha kufulia. Tulikuwa tunakunja mashuka ya hospitali, mmoja akacheka mpaka shuka likagusa sakafu ikabidi lifuliwe tena. Waliniuliza kwa nini unaitwa Kifungo. Nikawaambia ulimeza cha koti la Baba ulipokuwa na miaka mitatu, na tukakisubiri siku mbili. Haya, Mpima Dunia, na hilo lipime.

Namshukuru Mungu mimi mzima, miguu tu imevimba kama mikate. Shemeji yako amepata safari ndefu ya lori, hatarudi kabla ya Agosti.

Tiketi nimeiambatanisha. Sasa nisikilize, maana hapa uzi wako haufai. Hakuna ndege inayokuja moja kwa moja. Ni mbili. Mama atapanda ya kwanza Jumatatu, tarehe 14 Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Atakaa hewani masaa sita na nusu. Atashuka mji wa katikati, atasubiri masaa matano hapo hapo uwanjani. Atapanda ya pili, masaa manane na nusu. Jumla masaa ishirini. Mimi nitakuwa mlangoni kumpokea saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hiyo hiyo.

Usianze kuniambia sijui hesabu. Huku tuko nyuma yenu kwa masaa manane. Ninyi mkiwa mnakunywa chai ya asubuhi, mimi bado sijamaliza usiku wa jana.

Njiani hakuna atakayeongea lugha yake, na hajawahi kupanda ndege. Mwandikie kila kitu.

Na hili nakuambia wewe peke yako. Yule wa kwanza, mwaka juzi, mlichojua ninyi ni kwamba hakukaa. Sikuwaambia kwamba nilikuwa peke yangu. Nilimshika mkono muuguzi nisiyemwelewa anachosema, na zamu yake ilipoisha akautoa mkono wake taratibu akaenda kwao. Sijamlaumu. Lakini mkono wangu ulibaki umefunguka vile, hauna cha kushika, na mtoto akaja na kuondoka. Daktari anasema huyu atatoka wiki hiyo hiyo ya Mama kufika, pengine siku hiyo hiyo. Nataka mkono wa Mama, Kifungo. Sitaki kingine.

Mambo mengine yote fanyia mzaha. Hili nifikishie.

Dada yako


10 Juni

Dada,

Shikamoo tena, na pole kwa miguu. Barua yako imeeleweka, na yale ya mwisho nimeyaweka mahali pake, sijamsomea mtu.

Nikuulize wewe unayeishi huko: yale masaa manane ni ya nani? Maana Mama ameyakatalia. Nilimwambia ataondoka saa kumi na mbili asubuhi, atakaa njiani masaa ishirini, na atafika saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo. Akahesabu kwa vidole, akafika kumi na mbili, akanitazama. "Na manane yaliyobaki umeyapeleka wapi?"

"Hayajaenda popote, Mama. Umepewa bure."

"Na nani?"

Ikabidi nirudi kwa mwalimu kuiazima dunia mara ya pili. Tukafunga dirisha la duka, tukawasha taa ya cherehani iwe ndiyo jua. Mama akawa anaizungusha dunia kwa kidole, polepole, na mimi natembeza kifungo juu yake kwenda upande wenu. Taa inapoacha mji wetu, inaufuata mji wa katikati, kisha wenu. Kifungo kinatembea, na mwanga unatembea nacho. Mama akaacha kuzungusha.

"Kwa hiyo jua litakuwa linanifuata?"

Fundi akasema, "Wewe ndiye utakuwa unalifuata, mama. Na kwa mwendo ule, litapata taabu kukuacha."

Sijawahi kumwona Mama vile. Alikaa kwenye kiti cha wateja akasema miaka sitini na moja jua limemwacha kila siku, nguo zake zikiwa bado mbichi kambani, na leo anaambiwa kuna mahali mtu anaweza kwenda nalo sambamba. Akaomba tuwashe taa tena. Tulirudia mara sita. Mteja alikuja kuchukua suruali yake akaishia kukaa naye anatazama.

Sasa sikia kazi ya mikono yangu. Karatasi nimemwandikia, ndiyo, lakini karatasi hupotea, na miwani ya Mama unaijua. Kwa hiyo nimemtengenezea safari. Nimechukua uzi mnene wa kushonea magunia, nimetunga vifungo. Vyeusi vya koti ni masaa ya hewani: sita, na kidogo cha shati kwa ile nusu. Halafu vyeupe vitano, hayo ni masaa ya kusubiri. Halafu vyeusi vinane na kidogo kingine. Anauvaa shingoni. Ndege ikinyanyuka, anaanza. Mshale mrefu wa ile saa ya mkono ya marehemu Baba ukizunguka mara moja, anavusha kifungo kimoja kwenda upande wa pili. Vikiisha vyote, wewe uko mbele yake.

Nimemwambia saa za ukutani huko zitamchanganya, kila mji una yake. Asiziamini. Aamini uzi wa mwanawe.

Anaujaribu kila siku hapa nyumbani. Jana alivusha vifungo vinne akiwa anafua, akaniambia, "Sasa hivi ningekuwa juu ya jangwa." Leo ameuliza kama juu ya barafu kunanukia.

Niambie nani mwingine duniani ametengeneza kitu kama hiki. Subiri, nitakujibu: hakuna.

Mdogo wako,
Kifungo, Mwenye Kutunga Masaa


14 Julai, uwanja wa ndege

Dada,

Shikamoo. Naandika nimeegemea uzio, karatasi juu ya paja, kwa hiyo mwandiko usinicheke.

Ameondoka. Wewe utakuwa umeshamkumbatia zamani wakati barua hii bado inapigwa mihuri, lakini lazima nikuandikie sasa, la sivyo nitapasuka.

Tulifika giza halijaisha. Mama alivaa koti nililomshonea, uzi shingoni, saa ya Baba mkononi. Alipofika pale ambapo wasiosafiri haturuhusiwi, akageuka akaninyooshea kola ya shati. Mimi fundi, nanyooshewa kola. Akasema, "Usimchokoze Fundi." Basi, akaingia.

Nikaja hapa kwenye uzio. Ilichelewa masaa mawili, ilikaa tu pale inavuma, nadhani ilikuwa inanisubiri nipate nafasi nzuri. Saa mbili kamili ikageuka. Dada, wewe umepanda lakini hujaitazama kutoka nje. Kitu kile ni kirefu kuliko shule yangu. Kilianza kukimbia, na uzio ukatetemeka mkononi mwangu, na meno yangu pia. Nikasema moyoni hakitaweza, kizito mno, kina watu mia tatu na masanduku yao, kina Mama na goti lake. Halafu hakikugusa chini tena. Hakikuruka, hakikudunda, ila tu palikuwa na tairi na lami, na katikati yake pakaingia mwanga.

Kikawa kikubwa kama nyumba. Kikawa kama cherehani. Kikawa kama kifungo. Kikawa kama tundu la sindano, na bado nilikuwa nakiona, kisha nikawa natazama mahali kilipokuwa.

Mzee mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Ni nani wako?" Nikasema Mama. Akavua kofia, akaitazama ile anga tupu pamoja nami.

Kifungo cha kwanza sasa hivi kinavuka.

Mdogo wako


29 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumai ni uzima tu, na kimya ni cha kulea.

Simu yako ilipokewa dukani na Fundi, nami nilikuwa nimekwenda kununua zipu. Unamjua Fundi na simu, anashika kama pasi ya moto. Aliniambia maneno saba: "Mtoto wa kike. Wazima. Mama yako amefika." Nikamuuliza amefika lini, alikuwepo? Akasema hakuuliza.

Nimekuwa mjomba na sijui hata habari zake. Andika, hata mistari miwili.

Mjomba wa mtoto


4 Agosti

Kifungo,

Marahaba. Tuko wazima, mtoto ananyonya vizuri, ana vidole virefu kama vyako. Nilichelewa kuandika kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika kwa hasira, nachana.

Mama hakuwa nami.

Nilikwenda uwanjani Jumatatu jioni kama tulivyopanga. Abiria walitoka wote, mpaka rubani na begi lake akatoka. Mama hakutoka. Nilisimama pale kwenye reli ya kuzuia wapokeaji, na uchungu ukanianzia hapo hapo, nimeishika ile reli. Dereva wa teksi nisiyemjua ndiye aliyenipeleka hospitali. Usiku kucha nilikuwa nawaomba wauguzi waitazame simu kama kuna habari za mama yangu. Mtoto alizaliwa alfajiri ya Jumanne. Alilia mara moja, kwa nguvu, nikajua huyu anabaki. Lakini nilishika chuma cha kitanda, Kifungo. Chuma.

Mama alifika Jumanne saa kumi na mbili jioni. Siku nzima amechelewa. Nilimuuliza kulikoni. Akasema alikaa kule mji wa katikati akasinzia, akaamka mlango umefungwa na ndege imekwenda. Akalala kwenye kiti, wakampandisha ya kesho yake.

Sikujizuia. Nilimwambia, "Mimi nimekesha usiku kucha nakusubiri, wewe masaa matano tu yamekushinda kukaa macho kwa ajili yangu?" Akamchukua mtoto kwenda kumwosha. Tangu siku hiyo tunaongea habari za maziwa na nepi. Ananipikia, anafua, goti linamuuma naliona, na mimi nashindwa kumwambia apumzike. Nikimtazama naona ile reli. Mwezi ujao anarudi huko, na naogopa ataondoka hivi hivi tukiwa hivi.

Kwa mtoto tu ndipo anapoongea. Namsikia chumbani anamsimulia jua. Anamwambia alikaa dirishani, jua liko pale kwenye ncha ya bawa, jekundu, na kila akitazama liko pale pale, na chini kweupe tupu, hakuna njia, hakuna moshi, mpaka akaona haya kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe bila kubisha. Anamwambia, "Bibi yako alipewa masaa manane ya bure, nimekuletea." Nikisikia hivyo nataka kuingia nikae miguuni pake. Halafu nakumbuka, siingii.

Amenipa huu uzi wako nikurudishie. Amesema nikuambie ulimfaa sana, na kwamba nisiliguse lile fundo. Amelifunga baada ya kifungo cheupe cha tatu. Sijui maana yake, na sikuuliza.

Dada yako


25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hii nataka uisome mara mbili, na mara ya pili umsomee Mama kwa sauti.

Uzi umefika. Niliufungua juu ya meza ya kukatia, nikahesabu. Vyeusi sita vimevuka, na kidogo. Vyeupe vitatu vimevuka. Fundo. Vyeupe viwili vimebaki upande wa huku.

Mama hakusinzia.

Mtu aliyesinzia havushi vifungo. Mama alikuwa macho, ameishika saa ya Baba, anahesabu. Ile ndege ya kwanza ilichelewa masaa mawili, nilikuandikia mwenyewe kwa majigambo. Kwa hiyo kule katikati hakuwa na masaa matano, alikuwa na matatu. Lakini uzi ulikuwa na vyeupe vitano. Ndege ya kuja kwako ilipoondoka, Mama alikuwa amekaa pale na vifungo viwili mkononi, anasubiri kama nilivyomwambia.

Na lazima walimwita. Lazima walikuja wakamgusa bega. Hakunyanyuka kwa sababu yangu. Kuna kitu nilimwambia sikukuandikia. Nilimwambia, "Mpaka cheupe cha mwisho kivuke usinyanyuke, hata akija mtu mwenye sare." Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka aniamini mimi kuliko wenye sare. Naona kabisa alivyowaonyesha ule uzi, akawaambia kwa lugha wasiyoijua kwamba mwanawe ameipima dunia.

Lile fundo alilifunga ili mimi nijue, na amekuambia alisinzia ili wewe usijue. Amelibeba mwezi mzima ndani ya nyumba yako, anafua, anakaa kimya, ili mdogo wako aendelee kuwa Mpima Dunia. Kaa miguuni pake, Dada. Mpe mkono. Alikuja na masaa yako yote, mimi ndiye niliyeyatunga vibaya.

Ningeweza kuishia hapo, ukaniona mjinga tu, ukanisamehe. Ujinga si neno, ninao wa kutosha. Lakini kuna la mwisho.

Siku ile pale kwenye uzio nilijua. Si baadaye, si uzi ulipofika. Nilipoitazama saa ya ukutani pale uwanjani, saa mbili badala ya kumi na mbili, nilijua vifungo viwili vimezidi. Barua niliyokuandikia siku ile, niliiandika nikiwa najua. Nilikwenda mpaka kwenye dawati lao. Nilipanga foleni. Nilikuwa nimeshatunga maneno: wawapigie wenzao wa mji wa katikati, kuna mama mmoja mwenye uzi shingoni, wamwambie avushe vyeupe viwili mara moja, mwanawe amekosea. Neno hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Foleni ikasogea, nikafika mbele. Yule mfanyakazi akainua macho, wala hakuwa mkali, akaniuliza, "Una shida gani, kijana?"

Nikamwambia, "Sina."

Mdogo wako